Nani aliyeipima programu hiyo?
Mwalimu, umeuliza kama chekechea yenu hapa Lamu iiamini kampuni ya programu za watoto kwa kuwa inadai kushirikiana na chuo kikuu. Uliza kwanza kama watafiti wa chuo hicho wana uhuru wa kuchapisha hata matokeo yasiyoipendeza kampuni. Nchini Malawi, programu za hisabati za shirika la onebillion zilipimwa kwa kulinganisha watoto waliozitumia na wasiozitumia, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2015. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijachukuliwa, na naona ni lazima ridhaa hiyo iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa Faza au Pate atakisoma na kukielewa.