Unene Huanzia Katika Vile Tusivyovihesabu Kuwa Chakula

Mtu akiulizwa amekula nini leo, atataja ugali na maharage, au wali na samaki, lakini ni nadra ataje chai yenye sukari nyingi, soda aliyoinywa mchana kwa sababu ya joto, au mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi. Nimewapikia watu wa nyumbani kwangu Dar es Salaam kwa miaka mingi, na tangu daktari aliponieleza kwamba presha yangu inapanda pamoja na uzito, nimekuwa nikivichunguza zaidi hivi vidogo kuliko sahani yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25. Kijiko cha chai kina takriban gramu 4, kwa hiyo anayetia vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe viwili, kisha akaongeza soda ya mililita 350 yenye gramu zaidi ya 35, amekwisha kuvuka kiwango hicho kabla hajagusa andazi. Ubaya wa sukari ya kinywaji ni kwamba haishibishi. Utakula chakula chako chote kama kwamba hukunywa kitu.

Mafuta yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, na sisi huyamimina moja kwa moja kutoka katika dumu bila kupima. Nyumbani kwangu niliamua kwamba mafuta ya kupikia yaingie sufurianini kwa kijiko tu, vijiko viwili kwa chungu cha mboga cha watu watano, na ladha itokane na kitunguu, nyanya, tangawizi na tui jepesi. Wiki za kwanza kulikuwa na manung'uniko mezani. Baadaye chakula cha mafuta mengi ndicho kilichoonekana kizito. Chipsi mayai na chapati hatukuvipiga marufuku, ila vimerudi kuwa chakula cha mara mojamoja.

Usisubiri nguo zibane ndipo ujipime. Mwenye urefu wa sentimita 160 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi afikapo kilo 64, na unene uliopitiliza afikapo takriban kilo 77. Mimi huithamini zaidi tepu ya fundi cherehani: ipitishe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, na mzunguko wa kiuno uwe chini ya nusu ya urefu wako. Mafuta yanayojikusanya tumboni huzunguka ini na viungo vingine vya ndani, hudhoofisha kazi ya insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari ya damu, na ndiyo yanayofungua njia ya kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo.

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki kunatosha kuanzia. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako ni sehemu ya dakika hizo. Lakini tusijidanganye kwamba mazoezi yatafuta kila kitu, maana nusu saa ya kutembea huunguza takriban nishati ya soda moja tu.

Nawasihi pia ndugu na jamaa waache kumcheka mnene, na waache vilevile kumsifu kwamba maisha yamemkubali. Kurithi, usingizi mchache, na baadhi ya dawa huongeza uzito hata kwa mtu mwenye nidhamu, na anayenenepa ghafla bila kubadili mlo anastahili kupimwa hospitalini, si kushauriwa afunge kula. Kwa mwenye unene uliopitiliza, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito hushusha presha na sukari ya damu kwa kiasi kinachoonekana, kwa hiyo mwenye kilo 90 aanze kwa kulenga kilo 85, na apimwe presha tena atakapozifikia.