Kulinganisha Merchant of Venice na Mabepari wa Venisi kwa dakika kumi
Dada umeuliza uanzie wapi kulinganisha Merchant of Venice ya Shakespeare na tafsiri ya Nyerere mbele ya darasa, mi ningeanzia kwenye jina tu, ukianza kusimulia hadithi yote muda unaisha hujachambua kitu. Kwa Shakespeare ni mfanyabiashara mmoja, kwa Mwalimu wamekuwa wengi tena mabepari, na kitabu kimetoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, hapo tu una dakika tatu za kuongea. Halafu chukua ile sehemu ya mahakamani, Shylock yule mkopeshaji anadai ratili yake ya nyama ya mwili wa mdeni wake, isome kwa sauti lugha zote mbili. Na ujipime na saa ya simu bana, mi nilishakatwa katikati, nilibaki nimeshika makaratasi tu.