Usiipe FORECAST jedwali zima, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema ulitaka Excel ikupe thamani iliyo kati ya vipimo viwili vya jedwali, ukaandika INTERPOLATE ikaleta kosa la #NAME?, mtu akakushauri uweke FORECAST na kuchagua safu zote mbili za jedwali, kosa likaondoka, na leo unataka kukabidhi kazi. Usikabidhi. #NAME? ilikuja kwa sababu Excel haina fomula yenye jina hilo, basi. Balaa ni hiyo uliyopewa badala yake, maana hailalamiki. Inatoa namba.

FORECAST haitafuti thamani iliyo kati ya vipimo viwili. Inachukua pointi zote ulizoipa, inazipitishia mstari mmoja ulionyooka, kisha inakusomea kutoka kwenye mstari huo. Mimi niliitumia kwa tangi la mafuta la silinda lililolazwa, lita 20,000. A2:A12 ni kina cha mafuta kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100 kwa kumi kumi; B2:B12 ujazo kwa asilimia. Nikajaribu 50, ikatoa 50, nikaridhika. Kumbe nusu ya tangi ndipo mstari ule ulionyooka na mkunjo wa namba za jedwali vinapokutana, hapo lazima ipatie! Kwenye kina cha 20 jedwali linasema 14.2, fomula ikasema 17.3. Hizo ni lita zaidi ya 600 ambazo hazimo. Jenereta ikazimika usiku tukiamini tuna akiba, na niliyemshuku wizi ni kijana anayepima kwa fimbo. Nilimhoji mbele ya wenzake. Hadi leo linaniuma. Siku nilipoingiza 0 ndipo nikaona: -4.4. Tangi tupu, mafuta hasi.

Aliyenifundisha kwenye video alitumia data iliyonyooka kama rula, kila kitu kikakubali, wala hakutaja kwamba jedwali lililopinda litaharibika. Nina hasira naye bado. Huwezi kumpa mtu fomula ukamficha inapovunjikia.

Ipe pointi mbili tu, moja ya chini na moja ya juu ya thamani yako. Thamani ikiwa D2, weka E2:

=MIN(MATCH(D2;A$2:A$12;1);10)

kisha F2:

=FORECAST(D2;INDEX(B$2:B$12;E2):INDEX(B$2:B$12;E2+1);INDEX(A$2:A$12;E2):INDEX(A$2:A$12;E2+1))

Safu A ipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa, la sivyo MATCH, inayotafuta nafasi ya thamani yako kwenye safu, itakupeleka nafasi isiyo yako. Hiyo MIN inazuia kosa la #REF! (fomula kutoka nje ya jedwali) ukifika 100. Kama programu yako inatumia mkato badala ya nuktamkato, badilisha.

Halafu, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, ingiza kwenye D2 kila namba iliyomo safu A, moja moja, zote 11. Usijaribu ya katikati peke yake kama mimi. Kila jibu lilingane na safu B kwa desimali zote. Moja likikataa, bandika fomula yako hapa tuione kwanza.