Maswali na Majibu: Ombi la Stoo na Saa za Vijana

Wiki hii wameuliza zaidi viongozi wa magenge ya ujenzi jeshini, pamoja na mnyapara mmoja raia.

Shikamoo mzee. Kila nikipeleka ombi la saruji stoo linarudishwa. Tatizo ni nini? (Koplo, Likoni)

Marahaba. Nakala uliyonitumia inasema: “Saruji mifuko 40, ya kazi.” Kazi gani? Stoo kipa hana kinyongo nawe, hana pa kushika tu. Andika jina la kazi, namba ya mchoro, siku unayoihitaji saruji, na hesabu iliyokupa idadi hiyo. Umenieleza kwamba slebu yako, yaani bamba la zege, ni mita 6 kwa 4, unene sentimita 15, yaani mita za ujazo 3.6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo hula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50. Unapata 24 hivi. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika na mifuko kupasuka, omba 26, na hesabu yenyewe ibandike kwenye ombi. Ile 14 iliyozidi ndiyo iliyomtia shaka. Tena usiilimbikize: kwa unyevu wetu huu wa Pwani, saruji ikilala stoo miezi mitatu unaweza kuikuta mabonge.

Nikiandika “haraka sana” kwenye kila ombi, si nitahudumiwa upesi?

Mara ya kwanza, labda. Baadaye hakuna atakayekusadiki. Katika jeshi la Marekani ombi hupewa herufi: A maana yake kikosi hakiwezi kutimiza jukumu lake bila kifaa hicho, B kinalitimiza kwa kuchechemea, C ni mahitaji ya kawaida. Herufi hiyo huunganishwa na daraja la umuhimu wa kikosi chenyewe, ndipo ipatikane namba ya kipaumbele, 1 hadi 15. Rangi ya ukuta haiwi A hata uipigie magoti.

Lori la kokoto lilikwama feri, likafika saa nane mchana. Vijana wanane walikaa kivulini tangu saa mbili asubuhi. Niandike nini? (Sajini)

Andika kwamba walikaa kivulini. Seabees, wajenzi wa jeshi la wanamaji la Marekani walioanzishwa mwaka 1942, hugawa saa za kila mtu kwa mafungu: kazi inayosogeza jengo lenyewe, kazi ya kulisaidia, mafunzo, na saa zisizozalisha. Anayejaza kadi ya kila siku ni kiongozi wa genge. Yako ingesomeka hivi: kusubiri kokoto, watu 8, saa 5 (chakula cha mchana umeshakitoa), kumwaga zege, watu 8, saa 3.

Wengi huandika “zege, saa 8” ili wasigombezwe. Matokeo yake wakubwa wanaona genge goigoi, na lori halitajwi popote. Kesho mtu atapanga slebu nyingine kwa kutumia takwimu hizo za uongo. Jaza kadi kabla watu hawajatawanyika, maana kadi za wiki nzima zinazojazwa Ijumaa kwa mkupuo mimi huzisoma kama hadithi.

Siku-mtu, yaani kazi ya mtu mmoja kwa siku moja, ni saa ngapi?

Kwa hesabu za Seabees, nane. Watu 8 kwa saa 5 ni saa 40, sawa na siku-mtu 5.

Genge langu lina wanajeshi na vibarua wa mtaani. Daftari moja halitoshi? (Mnyapara, Mtongwe)

Halitoshi, bwana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haiwahusu wanajeshi, lakini vibarua inawahusu sana. Kwa kifungu cha 37, kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Utajuaje amefikisha, kama jina lake limechanganywa na ya askari? Wawekee masta roll yao, yaani daftari la mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi au kidole gumba. Akianguka kwenye jukwaa na kudai fidia, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kama siku hiyo alikuwa kazini. Na mtu asimsainie mwenzake, hata awe ndugu yake wa tumbo moja.