The Life of David Gale: itazame, ila kwa taharuki tu

Ndugu, umeuliza kama The Life of David Gale inamfaa mtu anayetaka kuielewa hukumu ya kifo. Kwa taharuki, itazame leo hii. Ni filamu ya 2003, imeongozwa na Alan Parker. Kevin Spacey ni mhadhiri wa falsafa huko Texas, mwanaharakati anayepinga adhabu hiyo, kisha yeye mwenyewe anahukumiwa kufa kwa kosa la kumbaka na kumuua mwanaharakati mwenzake. Zimebaki siku chache auawe kwa sindano ya sumu, ndipo mwandishi wa habari (Kate Winslet, kaigiza vizuri mno) anaitwa kumsikiliza. Hutabanduka kwenye kiti.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Sitakuharibia utamu, lakini fumbo limesukwa kwa ustadi hadi likaimeza hoja yenyewe. Texas imeshawaua wafungwa zaidi ya 500 tangu 1982, na wanaofika kwenye kitanda kile kwa kawaida ni maskini wanaotegemea mawakili waliopangiwa na mahakama. Mtu kama huyo, asiye na mwandishi wa kumkimbilia, filamu haimgusi kabisa.