Muulize Mzee wa Majibu: Hawa akina Jalonen ni ndugu au majina tu?

Jambo mzee. Mie mtu wa Bukavu ila sasa hivi naishi Tampere huku Finland na familia, kazini kwetu ikifika mwezi wa tano hakuna stori nyingine ni hoki ya barafuni tu. Juzi wamebishana kuhusu kocha Jalonen, mmoja anasema alicheza Marekani, mwingine anasema hajawahi, mwingine eti alifundisha Wacheki, mi nimekaa kimya sielewi kitu. Ni mtu mmoja huyo au wawili? Na kama ni wawili ni ndugu? – Msomaji, Tampere

Jambo sana ndugu yangu. Pole na baridi.

Ni wawili, na si ndugu. Jalonen kule ni jina la kawaida, kama huku kwetu ukiita Juma sokoni wakageuka kumi. Kuna Kari Jalonen na kuna Jukka Jalonen, wote wachezaji wa zamani waliogeuka makocha, wote wamefundisha timu ya taifa ya Finland, umri wamepishana kama miaka mitatu hivi, kwa hiyo wenzako kazini wote walikuwa na haki yao ila kila mmoja alishika Jalonen wake.

Nianze na Kari maana yeye ndo alikuwa mchezaji hasa. Kazaliwa 1960 mji wa Oulu, kaskazini huko, na timu ya nyumbani kwao inaitwa Kärpät, ni mnyama mdogo mfano wa kicheche. Kicheche hao walichukua ubingwa wa Finland mwaka 1981 na Kari akiwa uwanjani, kijana wa miaka 21, baadae akavuka bahari kwenda NHL, ile ligi kubwa ya Marekani na Kanada, akachezea Calgary Flames na kidogo Edmonton Oilers. Jumla mechi 37. Unaweza kuona ni chache lakini miaka ile Mzungu wa Ulaya kupata namba NHL haikuwa mchezo, nafasi nyingi zilikuwa za Wakanada.

Sasa sikiliza hii maana ndo sehemu inayonifurahisha mimi. Baada ya 1981 Kärpät wakayumba, wakashuka daraja, wakakaa huko chini mpaka mwaka 2000 ndo wakarudi ligi kuu. Na ubingwa uliofuata baada ya ule wa 1981 wakaja kuupata 2004, miaka 23 imepita, na aliyesimama benchi kama kocha ni nani? Kari huyohuyo. Halafu 2005 wakachukua tena. Yaani mtu kaubeba mji wake mara ya kwanza na gongo la kuchezea mkononi, mara ya pili na suti na tai.

Mwaka 2016 akawapeleka Finland fainali ya dunia kule Urusi, walikuwa wameshinda kila mechi mpaka wanaingia fainali, na dogo Patrik Laine wa miaka 18 akatajwa mchezaji bora wa mashindano, halafu Kanada wakawafunga 2-0 basi, fedha. Akaenda Uswisi klabu ya Bern, akachukua ubingwa 2017 na 2019. Ndo akapewa Wacheki, na hapo yule mwenzako wa kazini alikuwa sahihi kabisa.

Jukka ni habari nyingine. Kazaliwa 1962 Riihimäki, alicheza lakini NHL hakuisogelea, na mtu wa kawaida Finland ukimuuliza Jukka alikuwa anacheza vipi atakuna kichwa. Alichojenga kakijenga benchi. Mwaka 2006 aliwapa HPK ya Hämeenlinna ubingwa wao wa kwanza kabisa, mji mdogo tu ule. Akapewa timu ya taifa, na timu ya taifa ya Finland inaitwa Leijonat, maana yake Simba (watu wa Jangwani mniwie radhi, sikuwapa mimi hilo jina). Simba hao mpaka wakati huo walikuwa na dhahabu ya dunia moja tu, ya 1995, na aliyewafundisha siku hiyo alikuwa Mswidi, jirani ambaye ndo mtani wao mkubwa, hebu fikiria maumivu yake. Mwaka 2011 Jukka akawapeleka Bratislava, fainali wakakutana na haohao Waswidi wakawapiga 6-1. Sita! Kwenye nusu fainali ya mashindano hayo dogo Mikael Granlund alimfunga Mrusi bao la kuinyanyua ile paki (kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira) na gongo akiwa nyuma ya goli akaizungusha hewani mpaka ndani, Wafini wakalitolea na stempu ya posta. Mimi hilo bao nimeliangalia sijui mara ngapi.

Jukka akaondoka kwenda St. Petersburg, akarudi, Januari 2016 akachukua dhahabu ya vijana chini ya miaka 20 palepale Helsinki, kisha akarudishwa timu kubwa. 2019 dhahabu. 2021 fedha. 2022 dhahabu ya Olimpiki Beijing mwezi wa pili, ya kwanza katika historia ya hoki ya Finland, na miezi mitatu baadae dhahabu ya dunia hapohapo unapoishi wewe, Tampere. Na kwenye mashindano hayohayo ya Tampere unajua nani alipata shaba? Wacheki, wamewapiga Wamarekani 8-4, kocha wao Kari. Kwa hiyo Jalonen mmoja dhahabu Jalonen mwingine shaba, jengo moja, siku moja. Siwashangai wenzako kuchanganya.

Shikamoo Mzee wa Majibu. Nimesikia redioni kuna kocha wa Finland alishinda kombe la dunia na wachezaji ambao hakuna anayewajua. Hivi inawezekanaje? Na kocha ambaye hakuwa staa anaheshimiwa vipi na mastaa? Kaka yangu anasema haiwezekani. – Binti wa Tanga

Marahaba binti. Mwambie kaka yako amtafute Mourinho aliwahi kuwa staa wa wapi, halafu arudi tuongee.

Hiyo uliyosikia ni 2019 na kocha ni huyo Jukka. Wachezaji wakubwa wa NHL wengi hawakuja, wakabaki watu wa ligi za nyumbani na Urusi, magazeti yakawa yanawaonea huruma kabisa. Kapteni alikuwa Marko Anttila, jitu refu la zaidi ya mita mbili, hajawahi kucheza mechi hata moja ya NHL, Wafini wanamwita Mörkö, yaani Zimwi. Robo fainali na Waswidi walikuwa nyuma, Zimwi akasawazisha mwishoni, wakashinda 5-4 dakika za nyongeza. Nusu fainali na Urusi waliojaa mastaa watupu ikaisha 1-0, bao la Zimwi. Fainali na Kanada 3-1, Zimwi kafunga mawili. Hata ungeandika wewe hadithi hivyo mhariri angekurudishia.

Ila siri haikuwa Zimwi peke yake. Hoki ya barafuni wanacheza watano na kipa, na mtu hakai uwanjani muda mrefu, anakimbia kama dakika moja au chini yake anatoka anaingia mwingine, mchezo ukiendelea hivyohivyo, kwa hiyo kocha hana wachezaji watano ana makundi manne yanayopokezana kama zamu za walinzi, na kundi moja likizembea kurudi nyuma umefungwa. Jukka anachofundisha ni kwamba watano wanasogea pamoja, wakipanda wamepanda wote wakirudi wamerudi wote, paki hairushwi ovyo, na staa akichoka kurudi anakaa. Timu ya mastaa inasumbua kulishika hilo. Timu ya akina Zimwi inalishika. Kwa maoni yangu (na najua nitaandikiwa) Jukka angekuwa mchezaji wa kipaji kikubwa asingefundisha hivi, maana mwenye kipaji anaona mambo mepesi, aliyehangaika ndo anajua kila hatua ilivyo ngumu na anaweza kumuelekeza mwenzake.

Lakini nisimkandamize Kari maana yeye alicheza NHL na makombe anayo. Na kingine, Finland ukocha ni kazi ya kusomea, wana chuo cha michezo Vierumäki ambako makocha wanakaa darasani kweli, hawasubiri mtu astaafu kucheza Jumamosi Jumatatu apewe filimbi. Nchi ya watu milioni tano na nusu hivi inabidi wafanye hivyo.

Beijing pia usiisahau. NHL haikuruhusu wachezaji wake kwenda, Zimwi mwenyewe akawekwa karantini ya Covid na Jukka akalalamika hadharani bila woga kwamba mtu wake ni mzima wanamshikilia bure. Mechi na Waswidi walikuwa nyuma 3-0, wakageuza wakashinda 4-3. Fainali na Warusi walitanguliwa kufungwa, ikaisha 2-1, bao la ushindi likaingia sekunde 31 tu baada ya kuanza kipindi cha tatu, Hannes Björninen. Mechi sita wameshinda sita.

Mzee, na sasa hivi wako wapi hao makocha? Na Wakenya tunaweza kucheza huo mchezo ama ni wa wazungu tu? – Nairobi

Kari Wacheki walimwondoa kabla ya mashindano ya 2024, wakampa kazi kocha wa kwao Radim Rulík, na mashindano yalikuwa palepale Prague, Wacheki wakachukua dhahabu. Kazi ya ukocha ndo hiyo bana, unalima mwingine anavuna. Jukka naye aliachia timu ya taifa 2024 baada ya kutolewa robo fainali na Waswidi, 2-1 dakika za nyongeza, akarithiwa na Antti Pennanen.

Kucheza mbona mnacheza tayari, hamjui tu! Pale Panari, Mombasa Road, kuna barafu ndani ya hoteli na timu yenu inaitwa Ice Lions, nyinyi nao simba, na 2024 Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la hoki la dunia. Panda matatu nenda ukawaangalie, ila beba sweta.