Kabla hujaomba rivyu ya kodi uliyoandikiwa na AI

Wadogo zangu mnaoingia kwa hii kazi ya programu sa hizi, nina ombi moja tu, usimtumie mtu kodi, yaani code ya programu, ambayo wewe mwenyewe hujaisoma. Kitambo mtu akifungua puli rikwesti, yaani ombi la kuingiza kodi yake kwa mradi, ulijua kuna mtu ashaifikiria mstari kwa mstari, yule aliyeiandika, sa anayefanya rivyu anakuwa jicho la pili. Siku hizi AI ya kuandika kodi kama Copilot ama Claude Code inakutolea mistari elfu moja kabla chai ipoe, ukiituma vile ilivyo basi sinia wako, yule mwenye uzoefu kukushinda, ndiye mtu wa kwanza kuisoma, na hiyo ilikuwa kazi yako.

Chukua kitu wengi wenu mtakutana nacho hapa Kenya, malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa. Iambie AI ikuandikie STK push, ile inamletea mteja ujumbe wa kuweka PIN kwa simu, na itaandika vizuri kweli, itaunganisha shotikodi (namba ya biashara) na paskii (ufunguo wa siri) na ile saa ya ombi, iweke base64 (njia ya kuandika data kwa herufi), na kwa sandboksi, pale pa kujaribia, ipite. Sasa ingia ndani usome. Hapo kwa namba ya simu inaweza kukuwekea sheria ya kukubali 2547 peke yake, maana kodi nyingi za zamani kwa intaneti ziko hivyo, na Safaricom wana laini za 011 pia, kwa hivyo mteja wa 0110 ataambiwa namba yake si sahihi na atakuachia tu aende. Halafu kolbeki, ule ujumbe Safaricom inatumia seva yako kusema malipo yameendaje. Malipo yakifaulu ResultCode, namba ya matokeo, inakuja 0, yakikataliwa inakuja namba nyingine, na JavaScript inahesabu 0 kama uongo (false), sasa ukikuta mahali kodi inauliza tu kama ResultCode ipo, aliyelipa anaonekana hajalipa na aliyekataa kwa simu yake anaonekana amelipa. Kolbeki ile ile ikija mara mbili je, salio la mteja linaongezwa mara mbili? CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi hilo la malipo, imewekwa iwe ya kipekee kwa databesi ama imehifadhiwa tu? Na mtu baki akijua anwani ya kolbeki yako akatuma ujumbe wa uongo, seva inamkubali? Yote haya kodi inarani safi bila hata onyo moja, ndio maana nawaambia msome, kompyuta haitawaambia.

Ukishasoma sasa andika maelezo kwa mkono wako. Tafadhali si yale marefu AI imeandika yenye vichwa na emoji yanayorudia kile difu (mistari iliyobadilika) inaonyesha. Andika kitu kama hiki: "Hii inapokea kolbeki ya STK push. Nimetuma kolbeki moja mara mbili na salio halikuongezeka. AI iliandika sehemu ya databesi na testi zake, ukaguzi wa namba niliandika mimi. Sina hakika kolbeki mbili zikiingia kwa pamoja itakuwaje, naomba uanzie hapo." Mtu akipata ujumbe kama huo anajua pa kuweka macho na atakuheshimu, na hakuna aibu kusema AI iliandika wapi, inamsaidia kujua aulize nini.

Saizi ya kodi unayotuma nayo. Kuna utafiti ulifanywa kwa kampuni ya Cisco ukaonyesha ni vizuri mtu asome mistari 200 hadi 400 kwa mara moja, ikizidi hapo macho yanapita tu bila kuona bagi, yaani makosa. AI inapenda kugusa faili hukuiambia iguse, inabadilisha majina, inapanga upya nafasi, rudisha hayo yote vile yalikuwa. Pia angalia testi, zile kodi za kujaribu kodi, kama kuna iliyofutwa ama kulegezwa ndio ipite, hii inatokea sana jamani, na kila laibrari mpya (kodi ya watu wengine unayoitumia) hakikisha ipo kweli na ndiyo uliyoitaka, maana AI inaweza kubuni jina na kuna wakora wanasajili majina kama hayo waweke virusi.

Kuomba AI ifanye rivyu kwanza ni sawa kabisa, mimi hufanya, lakini fungua mazungumzo mapya, hayo yaliyoandika kodi yatakuwa yanajitetea. Na usiulize kama kodi ni nzuri, uliza ni wapi hii inaweza kupoteza pesa ya mteja. Funguo za API, zile siri za kuingia kwa mifumo kama Daraja, na data za wateja usibandike humo.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki, mtu ameketi nusu saa akusomee, amekuandikia komenti ya kukufunza, halafu wewe unaikopi kwa AI na kubandika jibu lake bila kulisoma. Usifanye hivyo kwa mtu. Akikuuliza mbona umetumia hii njia na hujui, mwambie sijui, nipe muda niangalie, uende ukaangalie kweli, urudi na jibu kwa maneno yako hata kama ni mistari miwili.